Nilijua Kuwa ni Jekundu

Kama umerudi kutoka hospitali na watu wa nyumbani wanakuambia umepona, halafu unausikia mdomo wako ukisema maneno kabla hujayaruhusu, kaa nami kidogo. Sitakufundisha udaktari. Siujui, na aliyejaribu kunieleza alinichorea ubongo kwenye karatasi ukafanana na kiazi kitamu, nikacheka mpaka akaikunja ile karatasi. Nitakueleza yaliyonipata mimi, fundi cherehani wa Newala, mke wa mtu na mama wa watoto wawili. Nitaeleza nikiwa na hasira, kwa sababu ningengoja hasira iishe nisingeandika kitu.

Homa ilinikamata msimu wa kupuliza salfa, mikorosho ikiwa inatoa maua na mji mzima unanuka dawa. Kichwa kiliniuma, nikadhani ni lile vumbi, wala sikuwa peke yangu, msimu ule kila mtu huumwa kichwa. Mume wangu, Baba Stella, alirudi kutoka shambani na mashine ya kupulizia mgongoni akanikuta nimelala sakafuni kwenye chumba cha cherehani, nazungumza na vitambaa. Walinishusha hospitali kubwa upande wa Masasi. Safari yenyewe siikumbuki. Nakumbuka dari yenye doa la maji, na mkono wa mume wangu ukinikata kucha, kidole kimoja kimoja, taratibu, kwa sababu nilikuwa najikwaruza uso. Ilikuwa homa ya ubongo. Nililala humo hadi maua yakageuka korosho changa.

Nilirudi nyumbani uso umevimba kwa dawa, miguu imekonda kama ya kuku, nywele zimepukutika upande niliokuwa naulalia. Nilipewa vidonge vya kuzuia degedege vilivyofanya mate yawe machungu na mikono itetemeke asubuhi. Hayo yote watu waliyaona, na kwa hayo walinipa pole. Walichokiona lakini wasikitambue ndicho ninachotaka kukisema.

Mimi ni Mmakua wa Lupaso, na mume wangu ni Mmakonde wa hapa Newala. Ukoo wake na ukoo wetu ni watani tangu kwa mababu. Kwa hiyo tangu niolewe nimekuwa nikiwatukana wakwe zangu na wao wakinitukana, tunacheka, tunakula pamoja. Utani ni raha ya nyumba hii. Nami nilikuwa hodari, sisemi uongo. Walikuwa wakisema Baba Stella hakuoa mke, ameoa redio.

Basi wiki ile niliyorudi, Mjomba Ambrosi, mjomba wa mume wangu, alikuja na mkungu wa ndizi.

"Pole sana, mtani wangu," akasema. "Tulikuombea."

Nikamjibu, "Mliniombea nife, mle ubwabwa. Na hizo ndizi umeziiba kwa jirani, wewe huna mgomba hata mmoja."

Walicheka! Mjomba Ambrosi alijipiga mapaja hadi kofia ikaanguka. "Kapona huyu! Ulimi wote umerudi!" Mama mkwe wangu alifuta machozi ya furaha. Mume wangu alinitazama kwa shukrani, kama mtu aliyerudishiwa mali yake.

Ila mimi sikuwa natania. Lile neno lilitoka lenyewe, nikalisikia likiwa tayari hewani, kama walivyolisikia wao. Nilicheka kwa sababu wao walicheka. Nilitaka kusema, "Jamani, sikukusudia." Lakini kwa mtani, kusema hukukusudia ndiyo utani wenyewe. Wangecheka zaidi.

Hapo ndipo hasira yangu ilipoanzia. Laiti ningekuwa nimeolewa na watu wasio watani wangu, wangeshtuka siku ile ile. Wangesema mke wetu amekosa adabu, kuna kitu. Mimi ugonjwa wangu ulishangiliwa. Kila ulipotoka mdomoni ulipigiwa makofi na kukaribishwa chai.

Mikono nayo ilikuwa hivyo hivyo. Ugali unafuka moshi, naona kabisa unafuka, nimeshautia mdomoni. Nikishona, chaki inaniambia simama hapa, mguu unaendelea kukanyaga hadi nimepita alama na kuharibu kitambaa cha mtu. Msimu wa kuokota korosho ulipopamba moto na wazazi wakileta sare za watoto, sindano ilipita katikati ya ukucha wa kidole changu cha shahada. Nilikuwa nimeona kidole kiko chini ya sindano. Hilo sikumwambia mtu, kwa maana ningelielezaje? Nimeona kidole changu, nikakishona?

Mvua za kwanza zilipoanza, Mjomba Ambrosi akafariki. Mzee wa watu, alilala tu asiamke. Kwenye msiba, kama ijulikanavyo, watani tuna kazi yetu. Niliambiwa, "Mtani, utuchangamshe, wafiwa wamezidiwa." Nikavaa koti la marehemu, nikashika fimbo yake, nikatembea kwa ule mwendo wake wa kuvuta mguu. Nikawazuia wachimba kaburi njia, nikalala juu ya udongo nikadai sitoki mpaka niletewe kuku. Hata mjane alitabasamu. Wapo waliosema hawajawahi kuona mtani wa namna ile.

Halafu padri akafungua kitabu.

Kila mtu anajua. Hakuna anayefundishwa, unazaliwa unajua. Padri akifungua kitabu, mtani anavua koti, anajifuta vumbi, anasimama na wenzake. Watani wenzangu walinyamaza wote kwa pamoja. Mimi nilikiona kitabu, nikamwona padri amevua miwani na kuivaa tena, nikasikia ukimya ule. Na nikaendelea. Nikavuta mguu mbele ya jeneza, nikaita kwa sauti ya marehemu, "Mke wangu, ugoro wangu uko wapi?" Mjane akapiga yowe. Nikaita tena. Ndani yangu kuna mtu alikuwa analia, nyamaza, nyamaza, nyamaza, na mdomo ukaita mara ya tatu.

Wifi yangu ndiye aliyenivuta mkono. Huyu ni dada mkubwa wa mume wangu, Mama Yohana, ameolewa Kitangari. Alinivuta hadi nyuma ya nyumba akaniambia neno moja tu: "Umetuaibisha." Hakuniuliza kama naumwa. Hakuna aliyeniuliza. Wale wale walioshangilia ulimi wangu miezi yote ile, siku ile waliita dharau. Jioni yake wengine wakaita pepo, na mama mmoja wa maombi akataka kunishika kichwa pale pale uani. Utani, dharau, pepo. Majina yote waliyamaliza, la ugonjwa halikuwemo.

Sasa nifike penye Editha. Editha ni mwanangu wa mwisho, wakati huo alikuwa hajaanza chekechea, mtoto wa kung'ang'ania kanga yangu popote niendapo. Asubuhi moja ya masika tulikuwa tunatoka sokoni, nimemshika mkono. Ng'ambo ya barabara nikamwona mteja wangu ambaye nilikuwa namtafuta. Na nikaiona pikipiki. Nataka hili lieleweke. Pikipiki niliiona, nikajua inakuja, nikajua tusubiri. Na miguu ilikuwa imekwisha kushuka barabarani.

Dereva yule Mungu ambariki popote alipo. Alijitupa mtaroni na pikipiki yake. Usukani ulimpitia Editha kwenye paji la uso, akachanika juu ya jicho. Damu ilikuwa nyingi kuliko kidonda chenyewe, lakini nani anayeangalia kidonda? Watu waliona damu, na wakaniona mimi nimesimama katikati ya barabara namtukana dereva aliyetuokoa.

Kikao cha familia kilikaa. Mimi nilikuwepo, ila walinizungumzia kama kabati linalotakiwa kuhamishwa. Wifi alisema, "Mtoto si gauni, kwamba ukikosea unafumua unashona upya. Namchukua. Mama yake akipona, atarudi."

Nikasema, "Nani atasema nimepona? Wewe?"

"Hospitali itasema," akajibu mume wangu. Hakunitazama.

Editha aliondoka na wifi, plasta kwenye paji, ameshika andazi. Hakulia, alidhani mimi nakuja na gari la nyuma.

Ndipo tukashuka tena Masasi. Nataka uyajue yale mabenchi, kwa sababu utayakalia. Ni ya mbao, yamesuguliwa na makalio ya watu hadi yanang'aa, na unayahama polepole kuelekea mlangoni, kila aliye mbele akiingia. Siku hiyo jirani yangu alikuwa mzee aliyepatwa na kiharusi, na kabla sijajizuia nikamwambia, "Baba, mdomo wako umepinda."

Baba Stella akafumba macho kwa aibu. Mzee akanigeukia.

"Ndiyo, mwanangu," akasema kwa tabu. "Nimekuja waunyooshe. Wako je?"

"Wangu haufungi," nikasema.

Akacheka upande mmoja wa uso, akafungua mfuko wake akanigawia ming'oko, vile viazi vya porini vya kuchemsha. Tulikula pamoja. Sikuwa mtani wake, wala hakutaka niwe. Alichukulia kwamba aliyekaa kwenye lile benchi anaumwa. Katika miezi yote ile, yule mzee alikuwa mtu wa kwanza kunichukulia hivyo.

Ndani nilimkuta binti mmoja, dada Mwajuma, mwenye kompyuta na chumba kidogo kisicho na dirisha. Akaniweka kitini.

"Mama Stella, shikamoo. Hapa utaona maduara. Ukiona la kijani, bonyeza kitufe hiki kirefu haraka uwezavyo. Ukiona jekundu, usibonyeze. Basi."

"Hii si kazi ya chekechea?" nikamuuliza.

"Ndiyo," akasema. "Tuanze."

Kijani. Kijani. Kijani. Kijani. Wanayaleta ya kijani mengi makusudi, mkono uzoee. Mkono wangu ukashika mwendo kama mguu kwenye cherehani. Kisha jekundu. Nikabonyeza. Tena jekundu. Nikabonyeza. Nikawa naiomba radhi kompyuta, "Samahani, samahani," huku nabonyeza, mwisho nikaipiga meza na kuitukana mashine, aliyeitengeneza na mama yake aliyeitengeneza.

Dada Mwajuma hakuinuka. Alingoja nimalize.

"Uliona rangi gani?"

"Jekundu."

"Ulijua hutakiwi kubonyeza?"

"Nilijua! Si umeniambia sasa hivi? Unadhani mimi mjinga? Nilijua kuwa ni jekundu!"

"Nakuamini," akasema. "Kujua hakujaharibika. Kilichoumia ni kule kujizuia. Ni vitu viwili, mama."

Nililia hadi kanga ikalowa. Miezi yote kila mtu alikuwa ananiambia, "Kwani hukujua kuwa padri ameanza? Hukuona pikipiki? Hujui kuwa huyo ni mkweo?" Nilijua. Nilijua yote. Kama na wewe uko hivyo, shika neno hili hata ukiacha mengine yote: kujua si kujizuia, na anayekuuliza kama hukujua anakuuliza swali lisilo lako.

Nilipotoka, Baba Stella aliinuka kwenye benchi. "Umefaulu?"

Umefaulu! Kama mtoto wa darasa la saba. Niliingia garini sikumjibu, na ilikuwa mara ya kwanza tangu homa kuweza kunyamaza kwa kutaka mwenyewe. Nilifurahi kwa siri, kisha nikakasirika kwamba nimefurahi.

Kuanzia hapo nyumba nzima ilikiita kipimo kile "mtihani." Mama Stella ana mtihani. Mama Stella kafeli, atarudia. Stella, binti yangu mkubwa, alipiga simu kutoka bweni Masasi akanifundisha namna ya kupumua kabla ya mtihani, maskini, naye aliamini. Na mimi nikaamini. Nikapanga kushinda.

Mbaazi zilipoanza kuweka maua nilirudi nikiwa nimejiandaa. Nilikalia mkono wa kushoto, wa kulia nikauweka mbali na kitufe, na kila duara lilipokuja nililitazama kwanza, nikalitazama tena, ndipo nikabonyeza. Jekundu halikunipata hata moja. Nilisimama kabla hajaniruhusu.

"Andika!" nikasema. "Andika nimepona, nikamchukue mwanangu."

Dada Mwajuma akashika kidevu. "Mama, kinapima na haraka pia. Ya kijani yote umechelewa. Hukujizuia, umejizima. Utashona nguo namna hii? Utamdaka mtoto anayeanguka?"

"Nilifanya makusudi."

"Najua. Lakini nani alikuambia kipimo hiki kinatoa mtoto?"

Nikamweleza. Nilimwona akibadilika uso. Alikwenda mlangoni akamwita mume wangu, akamkalisha kwenye kile kiti changu.

"Baba Stella, hiki kinapima mkono wa mama akiwa hapa kitini, asubuhi hii, mbele ya maduara. Kinanisaidia kujua mazoezi ya kumpa. Hakijui barabara wala jiko. Hakijui kabisa nani ni mama na nani si mama. Mimi siwezi kuandika karatasi ya mtoto arudi au asirudi. Mnaelewa?"

"Tumeelewa," akasema mume wangu, ameinamisha kichwa.

Tulirudi nyumbani. Nilikuwa jikoni niliposikia simu yake ikiita, wifi anataka kujua habari. Angeweza kueleza yote yale, alikuwa ameyasikia kwa masikio yake. Alisema neno moja.

"Bado."

Nimeshamuuliza mara nyingi kwa nini. Anasema aliogopa. Anasema kila akifumba macho anaiona damu ya Editha, na kwamba "bado" ilikuwa rahisi kuliko kusema hajui. Nampenda mume wangu. Ndiye aliyenikata kucha. Neno lile sijamsamehe, na sioni haya kuliandika naye yuko hai na atalisoma.

Sikumpigia kelele. Nilianza kazi. Dada Mwajuma alikuwa amenipa mazoezi, na moja lilikuwa hili: kabla ya kusema au kutenda, gusa kwanza kitu kimoja ulichokichagua. Nilichagua kovu la sindano. Dole gumba linagusa kovu, halafu ndiyo naongea. Mwanzoni nilikuwa nagusa nikiwa nimeshaongea. Kwenye cherehani nilichora mistari ya chaki kwenye matambara, nakanyaga hadi mstari nasimama, nakanyaga nasimama, matambara kwa matambara, mpaka wateja wakauliza nashona nini kisichoisha.

Na nilikwenda barabarani, pale pale sokoni. Nasimama ukingoni kama nataka kuvuka, nagusa kovu, natazama, nangoja. Barabara ikiwa wazi navuka, kisha narudi kuanza upya. Vijana wa bodaboda walinizoea. "Mama Stella, vuka basi, tumekuruhusu!" Wengine walisema ndiyo nimechanganyikiwa kabisa. Wacha waseme. Siku ambazo miguu ilishuka bila idhini yangu zilikuwepo, nikarudi ukingoni, nikaanza upya kesho yake.

Salfa ilipoanza kunuka tena, nilishuka Masasi peke yangu. Dada Mwajuma alinipima kwa maduara, kisha kwa kipimo kigumu zaidi, kile ambacho unakuwa umeanza kubonyeza halafu mlio unakuambia acha. Mekundu mengine yalinipata. Mengi hayakunipata.

"Umesogea mbali," akasema. "Sitakudanganya, hujarudi ulipokuwa kabla ya homa, na huenda pale usifike tena. Lakini breki ipo. Unataka nikuandikie majibu ukawaonyeshe?"

Nikagusa kovu. "Hapana," nikasema. "Nikiwapelekea karatasi, kesho watataka nyingine."

Sikupitia nyumbani. Nilipanda gari la Kitangari.

Wifi alikuwa uani anaanua kochoko, yale mabibo makavu ya msimu uliopita, kutoka kwenye mkeka. Mlangoni alisimama mtoto mnene, nywele zimesukwa vizuri, kovu jembamba juu ya jicho. Alinitazama. Uso wangu ulikuwa umeshuka uvimbe na nywele zimeota, sikuwa tena yule aliyeachana naye. Akageuza kichwa ndani ya ua.

"Mama," akamwita wifi, "kuna mgeni."

Kama umewahi kushonwa kidole utajua kwamba maumivu hayaji pale pale. Kwanza unaona tu sindano imepita.

Wifi aliinuka, akaniona, akashtuka, kisha akakimbilia mahali tunapokimbilia sote. "Karibu, mtani! Leo umekuja na pikipiki, au umekuja kutafuta nyingine?"

Utani huo. Kwa mila zetu nilitakiwa kucheka, na nilikuwa na haki ya kumrudishia chochote. Na vilikuwepo! Vilikuja vyote kwa pamoja mdomoni, vya ndoa yake, vya wanawe wasiomtembelea, vitamu, vikali, na angelazimika kucheka mbele ya majirani. Dole gumba likagusa kovu. Nikaviona vyote vikipita, kijani kibichi, na sikubonyeza.

"Wifi, leo sina utani," nikasema.

Akacheka. "Wewe tena!"

"Sina utani, Mama Yohana. Nimekuja kumchukua mwanangu."

Kicheko kikamkatikia. Akatazama kochoko mikononi mwake. "Kaka kasema bado."

"Kaka yako alidanganya. Kile kipimo hakitoi watoto. Aliambiwa na alisikia."

"Na akigongwa?" Sauti ilimtetemeka, na hapo nikaona kwamba yule mwanamke alikuwa ameishi na ile pikipiki kichwani kama mimi. "Akigongwa, tukuzike wewe au tumzike yeye?"

Nilitaka kuapa haitatokea. Niligusa kovu. "Sijui, wifi. Naumwa, na nimeujifunza ugonjwa wangu kuliko wewe unavyoujua. Mtoto umemtunza, amenona, amependeza, ahsante. Na nina hasira na wewe. Mlicheka nilipokuwa naumwa, nilipozidiwa mkaninyang'anya. Yote mawili nakuambia leo, na hakuna hata moja la kuchekea."

Wifi aliingia ndani, nikasikia sanduku likifunguliwa, anakunja nguo za Editha.

Sikumbeba mtoto siku ile. Mikono ilitaka kumnyakua, nikaikalia yote miwili kama kwenye kile kiti cha Masasi. Nililala pale Kitangari mpaka aliponizoea. Ilianza kwa kidole. Alikishika, akachungulia ukucha uliopasuka, akauliza nani aliniuma. Nikamwambia cherehani. Akacheka sana, na kesho yake alipoamka alisema "Mama" akinitazama mimi. Wifi alikuwa anasonga uji, akageukia moto.

Nilimpigia mume wangu simu. "Tunakuja."

"Mtaalamu kasemaje?" akauliza.

Nikakata.

Tulishuka kwenye gari pale sokoni Newala, mzigo wa nguo kichwani, Editha mkononi. Nyumbani ni ng'ambo ya barabara. Vijana wa bodaboda waliponiona na mtoto walinyamaza, wote, kama watani mbele ya padri. Pikipiki ilikuwa inakuja kutoka upande wa stendi. Editha akanivuta mkono kwa nguvu zake zote, akaegemea nyuma.

"Mama, simama! Shangazi alisema nikiwa na wewe, mimi ndiyo nikushike."

Damu ilinichemka. Mtoto wa umri ule, amefundishwa kumchunga mama yake! Nikatazama chini nimjibu, nikaiona miguu yangu. Yote miwili ilikuwa ukingoni, kwenye mchanga, na dole gumba langu lilikuwa tayari juu ya kovu.

Nilikuwa nimeshasimama kabla hajanivuta.